Barua ya wazi kwa watoto wetu wa Malindi wanaosomea muziki vyuoni

Wanangu na wajukuu zangu,

Bwana asifiwe. Wengi wenu mnaniita Hawe, yaani nyanya, maana nyanya zenu na mimi tulisimama mstari mmoja tukiimba sauti ya pili tangu kanisa letu likiwa la makuti. Wakubwa wangu wameshatangulia, kwa hiyo niruhusuni leo niseme kama mkubwa wa nyumba. Nawaandikia ninyi mliotoka Malindi mjini, Ganda, Gede, Jilore, Mambrui hadi kule Marafa, mkaenda bara kusomea muziki katika vyuo vya Kikristo. Wengine mko Nairobi, wengine Nakuru, na wawili watatu mmevuka mpaka hadi Arusha. Zamani safari ilikuwa ya kuja huku: chuo cha wachungaji kilichoko Limuru leo kilianzia Frere Town, Mombasa, mwaka 1903, kikahamia Limuru 1930. Siku hizi ni sisi tunaopanda basi la usiku na begi la kibodi mapajani.

Nimeandika wazi badala ya kumpigia simu mmoja mmoja kwa sababu jambo ni la wote, na wazazi wenu nao nataka walisome. Jambo lenyewe ni hili: mnapanda jukwaani mno, mnajifunza kidogo. Nimelitanguliza ili asiyetaka kulisikia aiweke simu yake chini mapema.

Sisemi mnaimba vibaya. Mkirudi Desemba kanisa hujaa mpaka watu wanasimama nje ya madirisha, na mimi ni wa kwanza kupiga vigelegele. Lakini nimekaa nanyi jikoni kwangu mkinieleza wiki zenu, na nikahesabu kimoyomoyo. Jumatatu jioni kwaya kuu. Jumanne ibada ya chuo, na kusifu na kuabudu ni juu yenu. Alhamisi ibada tena. Ijumaa kesha. Jumamosi harusi ya mtoto wa mhadhiri, au harambee ya kanisa ambalo hata hamlijui. Jumapili ibada mbili, ya Kiingereza na ya Kiswahili. Akija askofu mgeni, mnaitwa. Wakija wafadhili, mnaitwa na kuvishwa vitenge. Mahafali yakikaribia, mwezi mzima umekwenda na maji. Likizo ikifunguka, kwaya inapakiwa kwenye basi kwenda kuzunguka shule za sekondari ili chuo kipate wanafunzi wapya. Sasa nawauliza, kile kidole cha nne cha mkono wa kushoto, ambacho mwalimu wa piano amewaambia tangu mwaka wa kwanza kuwa ni kizito, mnakifanyia kazi saa ngapi?

Chuo nakielewa. Kwaya nzuri huleta wanafunzi kuliko tangazo la gazetini, na mgeni aliyeimbiwa vizuri hufungua mkoba kwa wepesi. Hakuna aliyekaa akapanga kuwaonea. Mwimbishaji anaombwa na kasisi, kasisi anaombwa na mkuu wa chuo, mkuu anaombwa na baraza, na mwisho wa foleni mko ninyi, watoto mliolelewa kanisani, ambao tangu Shule ya Jumapili mmefundishwa kwamba anayekataa huduma anamkataa Bwana. Nanyi pia nawaelewa. Makofi ni matamu, na mchovya asali hachovi mara moja. Chumba cha mazoezi hakina makofi. Kina joto, kina kiti kinachoyumba, na kuna mwenzio anagonga mlango akitaka zamu yake. Nani asingependa jukwaa?

Waliofika Lamu wameziona siwa, zile baragumu kubwa za kupulizwa, katika jumba la makumbusho, ile ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate na ile ya shaba ya Lamu yenyewe. Hazikuwa za kupulizwa na kila mwenye pumzi. Zililia kwa shughuli kubwa, harusi za wenye mji na kutawazwa kwa watawala, na zikilia mji mzima ulijua kuna jambo. Ninyi mnapulizwa kila siku. Hata wenzenu chuoni, nimeambiwa, wakati mnaimba wao wanajibu jumbe za WhatsApp.

Sasa nizungumze juu ya koo, maana hili ndilo lililonishikisha kalamu.

Katika mkesha wa Krismasi uliopita, mmoja wenu aliimba peke yake. Simtaji, na anajua kwamba nampenda. Kaskazi ilikuwa imesimama, feni zinazungusha joto lile lile, na yeye ameshika chupa ya maji baridi iliyotokwa jasho. Kabla hajaanza alikohoa mara kadhaa, kile kikohozi cha kusafisha koo lisilosafishika. Alipoingia, pumzi ilitangulia na sauti ikafuata nyuma, kama nusu ya kipigo imechelewa. Alipokaribia noti ya juu aliinua kidevu, mishipa ya shingo ikasimama, akaisukuma kwa nguvu. Ikatoka. Watu wakashangilia. Mimi nilitazama chini. Baada ya ibada nilimvuta pembeni, nikamuuliza sauti imekuwa hivyo tangu lini. Tangu ziara ya Oktoba, akasema, na siku hizi ninaipumzisha kwa kunong'ona.

Binti yangu, na ninyi wengine wote: kunong'ona si kupumzika. Kunakaza koo vile vile, na wakati mwingine zaidi. Unapoimba ile noti ya la (A) ambayo wapiga ala huitumia kupatanisha ala zao, nyuzi zako za sauti hukutana mara 440 kwa kila sekunde moja. Fikiria wimbo mmoja, kisha ibada nzima, kisha ziara ya majuma matatu kwa basi lenye vumbi, mkilala chini madarasani. Nyuzi zilizovimba zikiendelea kugonganishwa huota vinundu, na vinundu haviondolewi kwa tangawizi na asali, wala kwa kuombewa huku unaendelea kuimba. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kabla ya hapo nyamaza. Nyamaza kweli, usiimbe hata besi kwa mzaha. Kama mwimbishaji atakasirika, mwambie Hawe wa Malindi ndiye aliyekukataza, na namba yangu ya simu anaweza kuipata kwa mama yako.

Najua mtaniletea habari za Johann Sebastian Bach, yule mtunzi wa muziki wa Ujerumani. Vyuoni mwenu ndiye anayetolewa mfano kila mwanafunzi akilalamika kuchoka. Alifika Leipzig mwaka 1723, na katika miaka ile ya kwanza akawa anatayarisha muziki wa kwaya na ala karibu kila Jumapili, mwingi wake mpya kabisa, na bado alikuwa na wanafunzi wa kufundisha na nyumba iliyojaa watoto. Ni kweli yote. Ila mwaka huo alikuwa na umri wa miaka 38. Rudini nyuma mpaka 1705, akiwa kijana wa miaka 20 kama ninyi, mpiga kinanda wa kanisa katika mji mdogo wa Arnstadt. Aliomba ruhusa ya wiki nne, akaenda kwa miguu zaidi ya kilomita 400 mpaka Lübeck, kumsikiliza mzee Dieterich Buxtehude, bingwa wa kinanda. Ni sawa na kutoka hapa Malindi kwa miguu, upite Mombasa, upite Voi, upite Mtito Andei, na bado hujafika. Wiki nne zikawa karibu miezi minne. Aliporudi, wazee wa kanisa walimweka kitako wakamhoji, na juu ya kuchelewa wakamshtaki kwamba sasa anapiga tenzi kwa madoido mageni, waumini wanapotea katikati ya wimbo. Nikisoma habari hiyo hucheka, maana wazee wale nawajua. Tunao hata huku.

Sisemi mtoroke vyuoni. Nasema huyo mnayeonyeshwa kama mtumishi asiyechoka aliwahi kuiacha zamu yake ya Jumapili ili akajifunze, akakubali kugombezwa.

Kujifunza kwenyewe, mnajua ninachokisema. Sisi tulilelewa na solfa, nota za kuandikwa kwa herufi, do, re, mi. John Curwen, mchungaji wa Uingereza, aliuchukua mfumo wa mwalimu mmoja mwanamke wa Norwich, Sarah Glover, akautengeneza na kuueneza katika karne ya 19, na wamisheni wakatuletea. Siudharau hata kidogo. Umewawezesha wavuvi na wakulima wa mihogo kuimba sauti nne bila kuwahi kugusa kinanda. Lakini ninyi mmelipiwa karo kusoma nota za mistari mitano. Nilipofungua daftari la mmoja wenu, mwaka wa tatu huyo, nilikuta juu ya kila noti ameandika kwa penseli, d, m, s, f, kurasa baada ya kurasa. Mtu huyo anaimba katika kila kundi la chuo. Wapi angepata jioni ya kukaa na kusoma nota taratibu, vipimo vinne tu kwa siku, bila kuandika chochote juu yake? Na wale mnaofanya mitihani ya muziki ya ABRSM, ile bodi ya Uingereza, mnajua kwamba kwa kawaida hampandi daraja la 6 la kupiga ala bila kufaulu nadharia ya daraja la 5. Wapo kati yenu waliokwama hapo kwa miaka, vidole vinaweza, kitabu hakijafunguliwa.

Na hii kibodi. Ile mliyonunuliwa na wazazi ina vibonye 61, vyepesi, na kuna kidude cha kupandisha ufunguo ili upige kila wimbo kama uko kwenye do ya C. Siku ya onyesho la mwisho mnawekwa mbele ya piano ya vibonye 88, vizito, isiyo na kidude. Nimeambiwa kuna aliyefika mwaka wa nne akitegemea kidude hicho. Nyumbani tuna udhuru: piano huku haidumu, chumvi ya bahari inakula nyuzi na unyevu unavimbisha mbao mpaka vibonye vinakwama. Huko bara piano zipo, zimefunikwa kitambaa, zinangojea mtu. Amka alfajiri, kabla wenzio hawajaanza kupasha sauti, uzipige skeli zako kwa ufunguo halisi.

Jambo dogo kuhusu kayamba, nisije nikasahau. Huko chuoni mnalitikisa tu kwa sababu wimbo umefika kwenye mapambio na watu wameanza kucheza. Mwenye kujua hulilaza, hulipeleka mbegu upande huu na upande ule kwa hesabu, na vidole gumba vina kazi yake. Wazee wanaopiga mwanzele, ngoma ya Wagiriama, bado wako hai hapa hapa Kilifi. Anayetafuta mada ya kazi yake ya mwaka wa mwisho aje na kinasa sauti, nami nitamwonyesha nyumba ya kubisha hodi.

Mtaniuliza, tutakataaje? Kwa adabu, na kwa pamoja. Msiende mmoja mmoja, maana anayekwenda peke yake huitwa mwenye kiburi, na huyo huyo ndiye atakayetajwa kwenye maombi. Kaeni pamoja darasa lote la mwaka wenu, andikeni maonyesho yote mliyoitwa muhula uliopita katika karatasi moja, tarehe na mahali, mumpelekee mkuu wa idara. Karatasi inasema bila kupaza sauti. Kisha ombeni mambo mawili: siku moja katika juma ambayo hakuna anayeruhusiwa kuwaita, na muda kabla ya onyesho la mwisho ambao mhitimu ameachiwa huru. Maneno yenyewe hayana ugumu: «Mwalimu, Jumapili nitakuwepo. Jumamosi naomba niachwe, nina kazi sijaiweza.» Mwalimu yeyote aliyewahi kufanya mtihani wa jukwaani atakuelewa. Asiyekuelewa, mwitikie kwa heshima na Jumamosi uende chumba cha mazoezi.

Wazazi, na ninyi wenzangu wa baraza la kanisa, msidhani nimewasahau. Mtoto anashuka basi asubuhi pale stendi, macho mekundu, na kabla hajanywa chai ameshapangiwa Krismasi, harusi mbili, mazishi Kakoneni na mkutano wa injili uwanjani. Nauli ya tuktuk hatumpi. Tunasema tumemsomesha sisi. Tulichanga kweli, wengine tuliuza mbuzi, lakini mchango ule ulikuwa wa karo. Mwacheni alale siku tatu. Kisha mwulizeni amejifunza nini, akae chini awaonyeshe waimbaji wetu namna ya kuvuta pumzi. Hilo litabaki naye akirudi chuoni, na sisi litabaki kwetu.

Lipo jambo la hoteli, ambalo najua litazua maneno. Msimu wa wageni, kuanzia Desemba hadi Pasaka, baadhi yenu hupiga muziki katika hoteli za hapa na za Watamu, na wazee wa kanisa hununa. Mimi sinuni. Bendi ya hoteli huanza saa iliyopangwa, hupatanisha ala kabla wageni hawajakaa, na anayekosea mara ya pili haitwi tena. Kuna vijana waliojifunza kuhesabu vipimo hotelini baada ya kanisa kuwasamehe makosa kwa miaka kumi. Pesa ile lipieni masomo ya ziada. Pombe achaneni nayo. Basi, nimemaliza hilo.

La mwisho ni zito na sitalizungusha. Mnafundishwa jinsi sauti mbili zikibadilishwa mahali pake zinavyomfanya mtu atokwe na machozi. Mnafundishwa kupiga kibodi polepole chini ya mahubiri, mhubiri akipanda mnapanda naye, akinong'ona mnashusha, mpaka watu wanainuka kwenda mbele. Sisi wa Malindi tumepitia ya Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula mpaka wakafa. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni kule, na wapo kati yetu waliopoteza ndugu. Sisemi kibodi ndiyo iliyoua. Nasema tangu mwaka ule nikiona mpiga kibodi anamfuata mhubiri popote anapokwenda, macho yamefumba, moyo hunipiga. Kabla hujaweka mikono, sikiliza anachosema mtu huyo. Kama hukubaliani nacho, ondoa mikono, acha maneno yake yasimame yenyewe. Mtu aliyechoka, aliyekesha Ijumaa na kuamkia zamu Jumapili, hana nguvu ya kusikiliza. Anabonyeza tu.

Na msione kama nawanyima riziki kwa kuwarudisha kwenye vyumba vya mazoezi. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu ni ya sanaa na michezo. Shule zitataka walimu wanaosoma nota, wanaoweza kusimama mbele ya watoto arobaini na kuwagawia sauti. Shahada ya muziki peke yake, bila masomo ya ualimu, TSC, tume inayoajiri walimu, haitatosheka nayo, kwa hiyo ulizeni mapema kuhusu stashahada ya ualimu, msingoje mpaka siku ya kuvaa joho. Pwani tumekuwa na shule chache sana zinazofundisha muziki. Ningependa watoto wa Muyeye na Barani wafundishwe na mtu wa kwao.

Mkirudi likizo hii, tarehe 28 Desemba njooni nyumbani kwangu saa tisa alasiri. Si onyesho. Hakutakuwa na spika, wala mikrofoni, wala mtu wa kupiga video. Kila mmoja alete ukurasa mmoja wa nota ambao bado unamshinda, tukae juu ya mkeka, tuupitie pole pole. Nitapika mahamri na mbaazi. Mwenye kibodi aje na waya wake wa umeme, wangu umeliwa na panya.

Ni mimi Hawe wenu,
Malindi